Mrejesho: miezi saba jimu ya Mbeya nikiwa na kisukari, nyota nne kasoro

Jina la jimu sitaji maana kuna siku walinikosea sana na sipendi mtu akawavamie kwa ajili yangu, ila we kama ni wa Mbeya mjini utaijua tu, ipo ghorofa ya pili, ngazi za chuma, ukipita chini jioni spika zinapiga mpaka vioo vya duka la chini vinalia. Nimelipia pale miezi saba sasa. Ada 45,000 kwa mwezi, ukienda siku moja moja ni 3,000.

Mi nina kisukari aina ya kwanza tangu nina miaka 19, sasa nina 34, nauza mitumba Mwanjelwa, najidunga insulini, ile dawa ya kushusha sukari, ya mchanganyiko wa 30/70 (30 ya haraka, 70 ya taratibu) asubuhi na jioni. Nasema mapema kwa sababu mtu mzima wa afya akisoma huu mrejesho ataona nalalamikia vitu vya ajabu, friji, ufunguo wa mlango, kibao cha ukutani, wakati wenzangu wanaangalia vyuma vingapi na vioo vikubwa kiasi gani. Vyuma vipo, havina neno, dambeli zinaanzia kilo 2 na kuendelea, tredimili tatu ila moja imekufa tangu nimefika, baiskeli zisizotembea mbili. Hapo nimemaliza habari ya vifaa.

Watu waliniuliza sana kwanini nilipe hela wakati barabara ni bure. Jamani Mbeya hii. Uwe Forest, uwe Sisimba, uwe Mafiati, ukitoka nje ni mlima au mteremko, tambarare ya kukimbilia dakika ishirini kwa mwendo mmoja uitafute kwa tochi. Alafu mi nikipanda, sukari inashuka haraka kuliko nikienda sawa, kwaiyo siwezi kukadiria. Mwaka juzi tulipanda mlima Loleza na wenzangu wa kikundi, kule juu ni zaidi ya mita 2,600, kupanda nilienda vizuri najipima kila tukipumzika, wakati wa kushuka nikajisahau nikijua kazi imeisha. Tukakaribia chini miguu inaanza kucheza yenyewe. Nilikuwa na sukari ya kawaida kwenye kikaratasi, nikaimwaga mdomoni kama mtoto aliyeiba jikoni. Tangu siku hiyo nikasema nataka sehemu yenye watu, yenye taa, na ambapo nikidondoka nadondokea kwenye zulia.

Sasa siku ya kujiandikisha. Wana fomu, wanauliza jina, namba ya simu, uzito wako, uzito unaoutaka. Ugonjwa hawaulizi. Nikamwambia mwenyewe kocha wa jioni, kijana ana mwili kama wa kuchonga, nina kisukari najidunga insulini. Akaniambia usijali dada, kisukari kinaisha kwa jasho tu. Nikanyamaza, ila nilitakiwa nisinyamaze. Aina yangu kongosho halitoi insulini ya kutosha kuishi, hata nikimbie kutoka hapa mpaka Tunduma sindano iko pale pale. Kisukari cha aina ya pili ndo mazoezi yanakirudisha nyuma kweli, wapo mpaka wanapunguziwa dawa, na hata hao wenye vidonge vya aina fulani au insulini wanaweza kushukiwa na sukari wakifanya mazoezi. Kocha hatakiwi kuwa daktari lakini hilo ajue.

Ngoja nieleze kidogo maana ndo msingi wa malalamiko yote. Mtu asiye na kisukari akianza kukimbia, kongosho lake linapunguza insulini lenyewe, ini linatoa sukari kidogo kidogo, mambo yanaenda. Mi nikishajidunga nimejidunga, siwezi kuirudisha kwenye chupa. Na misuli ikifanya kazi inavuta sukari yenyewe hata insulini ikiwa kidogo, kwaiyo insulini inavuta, misuli inavuta, wote kwenye kamba moja. Ukiwa umejidunga pajani alafu ukaenda kukimbia ndo balaa zaidi, damu inapita kwa wingi pale na dawa inaingia haraka. Siku za jimu mi najidunga tumboni.

Wiki ya tatu. Nimefunga banda, nimejidunga saa kumi na mbili jioni, nimekula kidogo kwa haraka ili niwahi, nikajipima sukari pale kwenye benchi nina 7.1 (mmol/L, namba zangu zote za sukari humu ni za kipimo hicho). Kwa macho ni namba nzuri. Lakini nilichoelekezwa kliniki ni kwamba kabla ya kukimbia muda mrefu niwe kati ya 7 na 10, na mi nilikuwa mlangoni kabisa mwa hiyo 7, insulini mpya iko ndani, chakula kidogo. Nilitakiwa nile kitu kwanza. Sikula kwa sababu ukutani kuna kibao MARUFUKU KULA NDANI YA JIMU, herufi nyekundu, na dada wa mapokezi alishanichukulia ndizi yangu wiki ya kwanza akaniwekea kwenye droo kama mwalimu.

Dakika ya ishirini na tano kwenye tredimili mikono inatetemeka, jasho la baridi, sio lile jasho la moto, mwenye kisukari mwenzangu unalijua. Nikamwambia kocha sijiskii vizuri. Akasema hapo ndo mafuta yanatoka, ongeza dakika tano dada usinizingue. Na hapa sitamlaumu peke yake maana kwa mtu wa nje dalili ni zile zile, mtu anatetemeka, anatoka jasho, moyo unaenda mbio, si ndo mazoezi yenyewe? Mi mwenyewe nilijibishana kichwani, labda ni uchovu. Sukari ikishashuka na akili inapungua, ndo ubaya wake, ubongo unaoutegemea nao umeishiwa.

Nikashuka, nikakaa chini, nikaanza kuongea vitu havieleweki. Kuna kijana akakimbilia friji la mapokezi kuniletea soda. Friji lile jamani! Maji, soda za ziro, na vile vinywaji vya kuongeza nguvu visivyo na sukari. Akanifungulia ya ziro akaninywesha chupa nzima. Haikufanya kitu, ingefanyaje wakati haina sukari. Mwingine akaja na maziwa ya unga wa protini, anasema hii ina nguvu. Ina nguvu ya misuli kaka, mi nataka sukari ya kwenda kwenye damu sasa hivi. Aliyeniokoa ni mama mmoja anayefanya usafi, alishuka zile ngazi za chuma mbio akarudi na Fanta ya kawaida, akaniambia kunywa mwanangu. Nikanywa nusu, mkono ukatulia kidogo nikaweza kujipima, 2.9. Na hiyo ni baada ya kunywa.

Siku ile nilitembea kwa bajaji mpaka nyumbani nikisema sirudi.

Nikarudi baada ya siku nne kudai hela yangu ya mwezi. Mwenye jimu ni mama mtu mzima, nikamkuta kakaa, nikamwamkia shikamoo nikaanza kumwaga yote mpaka machozi. Hakubisha. Akauliza swali moja tu, unahitaji nini ili ubaki? Kusema ukweli sikuwa nimejiandaa na swali hilo, nilijiandaa kwa ugomvi. Nikamwambia mama, kibao kiondoke au niruhusiwe, friji liwe na soda zenye sukari hata tatu, na kocha akiambiwa "sijiskii vizuri" mashine izimwe kwanza maswali baadaye.

Alivyofanya ndo sababu ya huu mrejesho kuwa na nyota. Kibao kimebaki ila chini yake wameandika kwa kalamu ya mkono WENYE KISUKARI WANARUHUSIWA, sio kizuri kwa macho ila naona aibu ilishanitoka siku ile ya Fanta. Friji lina soda za kawaida. Mapokezi kuna kopo la glukosi ya unga na kijiko na kikombe. Na makocha wote wawili wanajua kwamba nikiwa chini ya 4 nasimama, naweka kama gramu 15 za sukari, yani vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji au nusu ya soda ndogo hivi, nasubiri dakika 15, napima tena, kama bado narudia. Chokoleti hapana, mafuta yake yanachelewesha. Na mtu akiwa hajitambui asimiminiwe kitu mdomoni atapaliwa, alazwe ubavu apelekwe hospitali, hilo nililirudia mara tatu kwa yule kijana wa ziro maana ana moyo mzuri sana ila mkono mwepesi.

Sasa habari ya muda, hapa nawapa lawama bado. Nje wameandika wanafungua saa 11 alfajiri. Uongo mtupu. Mlinzi mwenye ufunguo anafika saa 11 na nusu, siku nyingine na dakika arobaini, na we umesimama kwenye ngazi za chuma mwezi wa saba, baridi ya Mbeya mnaijua, mdomo unatoa moshi. Mi alfajiri naihitaji kuliko mtu yeyote pale. Jioni nikishajidunga insulini iko kazini, alfajiri bado sijajidunga ya asubuhi na sijanywa chai, iliyobaki mwilini ni mkia wa ile ya jana, kwaiyo sukari haidondoki hovyo. Naandika kwenye daftari: jioni moja nilianza na 9.4 nikatembea haraka dakika 35 nikamaliza na 4.1. Alfajiri, mazoezi yale yale, nilianza 8.2 nikamaliza 7.6. Siku nyingine inapanda hata, maana asubuhi mwili wenyewe unatoa homoni za kukuamsha na ini linamwaga sukari. Hayo ni ya mwili wangu na sindano yangu, we mwenye ratiba nyingine ya sindano pima ujione.

Na ile baridi ya kwenye ngazi inaharibu kipimo. Mashine yangu ikipoa sana inakataa, inaleta alama ya kipimajoto na kugoma, kikaratasi chake kinasema ifanye kazi kuanzia nyuzijoto 10. Siku ya kwanza nikadhani imekufa nikaanza kuhesabu hela ya nyingine. Siku hizi natembea nayo ndani ya sidiria, samahani lakini ndo ukweli, inakuwa na joto lake safi. Vidole navyo vikiwa na baridi damu haitoki, unajichoma mara tatu unapoteza stripu, kile kikaratasi cha kupimia damu. Nasugua mikono kwanza, naitikisa chini. Hapo jimu ingekuwa na maji ya moto kama tangazo lao linavyosema ningesahau shida zote, lakini bomba la moto ni pambo, linatoa maji ya Loleza moja kwa moja. Bado unatakiwa unawe hata hivyo, nilishawahi kumenya ndizi mbivu nikajipima bila kunawa ikaniletea 16, nikanawa nikarudia ikawa 9. Fikiria ningeidungia ile 16.

Kocha wa asubuhi ndo hazina ya pale. Kakimya, hapigi kelele za "twende twende", kwanza anauliza "leo ngapi?" kabla hata ya habari za asubuhi. Yeye ndo tuliyejaribu naye kubadilisha mpangilio. Jioni walikuwa wananipandisha tredimili kwanza eti kupasha, alafu vyuma. Kliniki nesi akaniambia jaribu kinyume, vyuma kwanza. Tukafanya, skwati, kuvuta, dambeli, dakika ishirini hivi, alafu ndo kukimbia taratibu. Tofauti niliiona wiki hiyo hiyo. Vyuma vizito vinapandisha adrenalini, homoni ya mshtuko, na ini linatoa sukari, kwaiyo ukifika kwenye tredimili una akiba, haushuki kwa kasi kama mwanzo. Kwangu imenipunguzia kula biskuti katikati, ambazo zilikuwa zinafuta kazi yote niliyofanya, mtu unakimbia nusu saa unakula nusu saa.

Kuna darasa la Jumamosi la kuruka ruka na ngoma, dakika moja mbio za kufa dakika moja pumzika. Nalipenda, mwalimu wake mcheshi sana. Ila mtego wake ni mwingine, natoka pale nikiwa nimepanda, naingia 8 natoka 13. Mwanzo nilikuwa nataka kujidunga kidogo kuirekebisha. Usifanye hivyo kwa pupa, ile ni adrenalini, baada ya saa moja mbili inashuka yenyewe na ukiwa umeongeza dawa unashuka nayo mpaka shimoni. Nakunywa maji, natulia, napima tena.

Usiku sasa. Hakuna jimu itakayokwambia hili kwa sababu wameshafunga wamelala. Siku tuliyofanya miguu jioni, nikala vizuri, nikalala na 7.8, saa nane usiku nikaamka shuka limelowa kama nimemwagiwa ndoo. 3.4. Misuli ikitumika sana inaendelea kuvuta sukari kujaza akiba yake mpaka kesho yake, saa 24 hivi. Daktari wangu alinipunguzia dozi ya jioni kwa siku za mazoezi ya jioni, kiasi gani siandiki hapa maana ni changu, we muulize wako, na kabla ya kulala siku hizo napima, nikiwa chini nakunywa maziwa na mkate. Na pombe usichanganye na siku hiyo, ini likishughulika na pombe linaacha kutoa sukari. 

Siku moja nilirudishwa nyumbani na ndo siku niliyowapenda. Nilikuwa nimetoka msibani Kyela, usiku wa safari nikaruka sindano, alfajiri nikaenda nikiwa na 17.8 na kiu ya ajabu nikasema nitaichoma kwa kukimbia. Kocha wa asubuhi akaangalia namba akasema leo hapana dada, hukusema mwenyewe ikizidi 15 upime mkojo kwanza? Kweli nilimwambia mimi. Insulini ikiwa haipo mwilini kukimbia hakuchomi kitu, ini linazidi kumwaga na ketoni zinapanda, zile asidi mwili unazotoa ukichoma mafuta kwa kukosa insulini. Nikaenda kupima, ketoni zilikuwepo, sio nyingi, nikajidunga nikanywa maji nikalala. Hela ya siku hiyo alinirudishia kwa kunisogezea mwezi mbele siku moja. 1,500 tu ukipiga hesabu, lakini nani mwingine anafanya hivyo mjini hapa?

Gharama kubwa kwangu sio ada. Ni stripu. Napima kabla, katikati, baada, na kabla ya kulala, siku ya jimu inakula stripu nne tano na boksi la 50 linaisha kabla mwezi haujafika popote. Anayefikiria kuanza apange hilo kwanza, ada baadaye. Na viatu, wanalazimisha viatu vya kufunga ndani na kwa hilo nawaunga mkono, ila mkifika nyumbani angalieni nyayo, lengelenge dogo kwetu sisi halina udogo.

Kocha wa jioni bado ana kelele, ila siku hizi nikisema nasimama anazima mashine mwenyewe. Wiki iliyopita aliniita pembeni akaniuliza dalili za kisukari ni zipi, mama yake aliyeko Rungwe anakojoa sana usiku na amepungua. Nikampa mashine yangu na stripu mbili aende nazo, na nikamwambia hata ikisoma vizuri ampeleke hospitali wampime vizuri.

Nyota nne kasoro robo. Ukitaka kujaribu usilipe mwezi, lipa 3,000, nenda Jumanne au Alhamisi alfajiri ukamkute huyo kakimya, vaa sweta la kusubiria ufunguo, na soda yako beba mwenyewe kwenye mfuko, maana Ijumaa iliyopita nimechungulia friji zimebaki za ziro tu.